Kulukulu na Pipa la Maji ya Jivu

Siku nilipoaga kazi, wasichana wa bustani ya miche waliniuliza, "Bibi, miaka yote hiyo msituni, kitu gani kilikutisha kuliko vyote?" Walingoja niseme chui. Chui nilimwona, akanitazama, nikamtazama, kila mmoja akashika njia yake. Nyoka nimewaua kwa jembe hili hili mlilonipa niende nalo nyumbani. Kilichonitisha mimi ni pipa la maji. Wakacheka. Nikawaambia nitaandika, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mnanikatiza na kuniuliza habari za mume wangu.

Naandika kwa mkono wangu. Darasa langu lilikuwa la watu wazima, jioni, nikiwa tayari na mvi. Mjukuu wangu mmoja ni mwalimu Handeni, mwingine muuguzi, wa tatu yuko reli Korogwe, na ada ya wote ilitoka kwenye miche. Mwalimu alitaka anisahihishie maandishi haya. Nimemkatalia. Akianza kunyoosha hatabakiza kitu.

Mimi ni wa Kang'ata. Kwetu ni vichaka, vumbi na jua, na mtu akija unamwona tangu yuko mbali. Mume wangu Rashidi alipata kazi ya kufyeka njia za msitu huku juu ya Mashewa, zama za Mwingereza, akanifuata tukapanda pamoja. Nilipoingia chini ya miti ile nilishtuka, nikasimama. Nilidhani mtu amefunika nchi kwa sufuria. Mchana ulikuwa giza, ardhi ilikuwa laini kama mkate, na kila kitu kilidondosha maji ingawa mvua haikunyesha. Nikamwambia Rashidi, "Hapa watu wanaishi au wanaoza?" Akasema nitazoea. Nilizoea, lakini haikuwa haraka kama alivyodhani.

Bustani ilikuwa pale pale ilipo leo, ukingoni mwa msitu, karibu na kijito. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wanawake, Wazigua na Wasambaa. Nyapara aliitwa Salimu, mtu mrefu, kofia nyeupe, sauti ya kupigia ng'ombe. Alinitazama mikono akasema, "Hii mikono ya kulima mahindi. Mche si hindi. Nenda kwa yule pale, akufundishe."

Yule pale alikuwa Mama Veronika. Alikuwa Mngoni wa Songea. Mumewe aliletwa na gari la manamba kukata mkonge, akafia shambani huko bondeni, naye akabaki hana nauli wala mtu. Bwana Miti, mzungu wa misitu, alimpa kibanda kilicho nyuma ya vitalu, awe mlinzi wa mbegu. Kibanda kile ndicho kilichokuwa kwake duniani. Hakuwa na shamba, hakuwa na ndugu, na huko Songea hakujua nani bado yu hai. Kumbukeni kibanda hicho, maana ndilo jambo lenyewe.

Wenzangu hawakumpenda sana. Walimwita "manamba" akigeuka. Akisikia alijibu bila kuinua kichwa, "Manamba ni mume wangu, naye amekufa. Mimi ni Veronika. Lete udongo."

Alinifundisha kuchekecha udongo mpaka uwe kama unga. Alinifundisha kufunga vikopo vya maganda ya mgomba, maana mifuko hii yenu haikuwepo. Alinifundisha kumwagilia kwa keni ukiwa umeelekeza mdomo wake juu, ili maji yaanguke kama manyunyu na si kama mkojo wa punda. Hayo ni maneno yake, msinitazame mimi.

Siku ile ya kwanza nilikuwa nimebeba ungo wa vikopo kichwani, nikipita chini ya mti mkubwa, na juu yangu hakukuwa na kitu ila majani. Ghafla jani moja likatoka likaruka. Likafungua mabawa, na ndani ya mabawa kulikuwa na wekundu ambao sijawahi kuuona kwenye kitu kilicho hai. Si wekundu wa ua, si wa kanga mpya. Kama mtu amepasuliwa mbele yako. Kisha likatua tawi la pili, likafunga mabawa, likawa tena jani. Vikopo vyote vilikuwa chini.

"Umeona nini?" Mama Veronika aliuliza.

"Mama, kuna ndege anaungua."

"Anaungua wapi?"

"Kwapani."

Alikaa chini akacheka mpaka akafuta machozi. "Huyo ni kulukulu. Wengine humwita shorobo. Huna haja ya kumkariri jina, anajitaja mwenyewe. Ngoja." Tukangoja. Huko juu ikaanza sauti nzito, kuru, kuru, kuru, kama mtu anayesukutua koo, na mwingine akamjibu ng'ambo ya kijito.

Ninyi mnamsikia kila siku na hamumtazami. Mtazameni. Ni wa kijani kuanzia kichwani, ana kishungi kama mtu aliyechana nywele kwa haraka, na jicho lake limezungushiwa nyekundu kama aliyelia. Haji chini ila akitaka kunywa au kuoga. Haruki sana pia, mabawa yake hayana nguvu. Anakimbia juu ya tawi kama kindi, tena kwa kasi, na ukimfuata kwa macho unampoteza katikati ya majani huku unamtazama. Wanatembea wawili wawili. Wana haya kuliko mwali. Ukisema neno wananyamaza wote, na msitu mzima unakuwa kama unakusubiri uondoke.

Kazi yetu ilimtegemea. Tulipanda miti ya kila namna, lakini ile yenye kokwa ngumu, kama mifuru, ilitushinda kuokota matunda yake, yanaoza kabla hujafika. Kulukulu anameza tunda zima, nyama yake inabaki tumboni, kokwa anaitema safi. Basi kila pea ina miti yake inayopenda kupumzika, na chini ya miti hiyo kokwa zimelala zimemenywa tayari. Tulikwenda na vikapu asubuhi, tukaokota kimya. Mama Veronika alisema, "Huyu ndiye mfanyakazi wa kwanza hapa. Sisi tunafagia nyuma yake."

Mshtuko wa pili ulikuwa kiotani. Kiota chake ni aibu tupu, vijiti vichache vimetupwa juu ya tawi, unaona anga kupitia humo. Siku moja kinda lilitoka kiotani kabla halijajua kuruka, likawa linatambaa juu ya tawi kwa miguu na kwa mabawa. Lilishika gome kwa bawa. Nilipotazama vizuri nikaona kwenye kiungo cha bawa kuna kucha, kama kidole. Nikasema huyu si ndege, huyu ni mtu aliyeadhibiwa. Wiki nzima sikutaka kupita chini ya mti ule. Mama Veronika hakunicheka siku hiyo. Alisema tu, "Hata mimi niliuliza. Hakuna aliyenijibu."

Sasa pipa.

Kokwa zile ni ngumu kama kokoto. Ukizipanda hivyo hivyo utazeeka unangoja. Tulizilowesha kwenye maji ya jivu, jivu la kuni ngumu lililochujwa, maji yanayoteleza vidoleni kama sabuni na kuchoma kama una kidonda. Pipa lilikuwa la chuma, la mafuta, limekatwa juu, likafunikwa kwa kifuniko cha mbao na jiwe juu yake ili nyani wasichezee. Mlinzi wa pipa alikuwa Mama Veronika. Hakuna aliyeligusa bila yeye kujua, isipokuwa kwamba sote tulikuwa tukichota kopo moja kisirisiri kwenda kufulia nyumbani, kwa sababu maji yale yalitoa mafuta, masizi na damu kuliko sabuni yoyote ya dukani. Alijua. Alijifanya hajui.

Na palikuwa na mwiko. Mwanamke aliye kwenye siku zake hakugusa mbegu wala hakusogelea pipa. Siku hizo alikwenda pembeni kuchekecha udongo. Hata nyapara Salimu, akikukuta pembeni na chekeche, hakukuuliza kitu, alipita akitazama mawingu. Ninyi wa leo mnauona upuuzi. Sisi tuliamini kwamba mbegu ikiguswa hivyo haioti, na kwamba kazi ya wote inaharibika.

Asubuhi moja tulifika tukamkuta Mama Veronika amesimama mbele ya pipa, kifuniko kiko mkononi. Tukasogea. Maji yalikuwa mekundu.

Hayakuwa na udongo, wala kutu. Mekundu ya kung'aa, mpaka chini, na kokwa zetu zimelala humo kama meno. Mmoja alipiga yowe akakimbia mpaka kwenye kijito. Nilisikia harufu ya damu, naapa niliisikia, ingawa leo najua haikuwepo.

Wa kwanza kusema alikuwa Mwanaidi, Mzigua mwenzangu, mwanamke mkubwa wa mwili na wa mdomo. "Haya sasa. Amefua vitambaa vyake humu."

"Nani?" akauliza Mama Veronika.

"Nani analala hapa? Nani ana pipa? Manamba hawana mwiko, hilo tulijua. Hatukujua kwamba hawana hata haya."

Mama Veronika akaweka kifuniko chini polepole. "Mwanaidi, damu iliniacha mwaka ule alipokufa mume wangu. Ukitaka kuhakikisha, karibu kibandani."

Nikadhani hapo yamekwisha. Kumbe ndiyo yalianza. Mwanamke mwingine akasema kwa sauti ndogo, "Kama si ya kwake, ni ya nani?" Na hapo nikaona nyuso zikibadilika mbele yangu, watu niliokula nao viazi jana. Mmoja akashika tumbo lake, alikuwa mjamzito. Mwingine akarudi nyuma. Kwa uchafu wangemtukana tu. Kwa uchawi walikuwa tayari kumchoma pamoja na kibanda.

Nikasema, "Labda kuna mnyama ameangukia humo."

"Nyamaza wewe wa Kang'ata," Mwanaidi akaniambia. "Kifuniko kilikuwa na jiwe. Wewe ni mwanafunzi wake, kesho tutakuuliza wewe."

Nyapara Salimu akaja. Alilitazama pipa kutoka mbali, hakusogea, na uso wake ulikuwa umekauka. Nilidhani ni hofu kama yetu. Wanawake wakamwambia kwa sauti moja kwamba hawafanyi kazi na mtu huyu. Akajikuna shingo. Akasema, "Bwana Miti anakuja Jumamosi. Nitamwambia. Mama, fungasha vitu vyako, ili akifika isiwe vurugu."

"Nifungashe niende wapi, nyapara?"

Akatazama mawingu, kama alivyozoea. "Mimi sijui. Kwenu."

"Kwetu ni hapo," akasema, akionyesha kibanda.

Salimu alinigeukia mimi akaniamuru nimwage pipa, nitupe mbegu, nisugue chuma. Wengine wote walikataa kuligusa. Mimi niliogopa kuliko wao, lakini nilikuwa mgeni wa kazi, na mgeni hutumwa.

Nililipindua pipa kwa gongo. Maji yakapita majanini yakienda, na majani yakabaki mekundu. Chini kulikuwa na tope la jivu na kokwa. Nilipoanza kukwangua, kitu laini kikaning'inia kwenye kidole. Unyoya. Unyoya mrefu wa bawa. Nusu yake, upande wa shina uliokuwa umezama topeni, ulikuwa mwekundu ule ule wa siku yangu ya kwanza. Nusu ya juu ilikuwa imepauka, rangi ya kitambaa cha kudekia.

Nilikaa chini kwenye matope. Nilikuwa nimeyaokota manyoya hayo mara nyingi chini ya miti, yamedondoka yenyewe, nikayachomeka ukutani kwetu. Mvua ilinyesha, paa lilivuja, hayakutoa hata tone. Rangi ya ndege haitoki. Nani amewahi kuona kuku mweusi akipauka kwenye mvua? Basi nilienda nyumbani nikachukua unyoya mmoja mzima, nikarudi, nikautia kwenye kopo lenye mabaki ya maji ya jivu safi, nikausugua kwa vidole kama mtu anayefua leso.

Vidole vyangu vikawa vyekundu. Kopo likawa jekundu. Nililitupa mbali nikalia, sikujua nalilia nini. Nilikuwa nimesugua kitu kilichoumbwa na Mungu, na kimechuja kama kanga ya bei rahisi.

Nilimkimbilia Mama Veronika. Alikuwa kibandani, amekaa juu ya kitanda cha kamba, na mzigo wake mmoja uko mlangoni. Nilimwonyesha vidole. Nikamweleza. Alitazama muda mrefu, akanifanya nirudie, na mara ya pili akaisugua ile rangi kwenye kiganja chake mwenyewe.

"Twende tukawaambie sasa hivi," nikasema.

"Hapana. Ukiwaambia wewe watasema nimekuroga. Na nikiwaambia mimi watasema najitetea. Walinitukana mchana, mbele ya watu wote. Wataona mchana, mbele ya watu wote. Una manyoya mangapi huko ukutani?"

"Ya kutosha."

"Yalete Jumamosi. Na usimwambie mumeo, wanaume hawawezi kukaa na jambo."

Sikumwambia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya bustanini.

Jumamosi Bwana Miti alifika na gari lake lililojaa tope, kaptula, soksi mpaka magotini. Salimu akamweleza kwa kirefu habari ya uchafu na ya wanawake kukataa kazi. Bwana Miti alisikiliza akipangusa shingo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu, hakikuwa na maneno ya kuuliza. "Kazi hapana simama," akasema. "Mama huyu ondoka, lete mama mwingine."

Mama Veronika alitoka kibandani akiwa amevaa nguo yake ya kanisani. Mkononi alishika bakuli la bati, jeupe, lenye mstari wa buluu, chombo pekee kizuri alichokuwa nacho. Aliliweka juu ya kiti mbele yetu. Akamimina maji ya jivu. Akasema, "Mwanaidi, njoo wewe wa kwanza. Maji haya yana rangi gani?"

Mwanaidi alimtazama Salimu. "Ya maji."

"Tia kidole."

"Sitii."

"Basi mwenye mimba atie, yeye ana sababu ya kuogopa kuliko wewe." Na yule mjamzito, sijui alipata wapi moyo, akatia kidole, akakitoa, akakionyesha. Safi.

Ndipo akaniita. Nikatoa manyoya kwenye upindo wa kanga. Yalikuwa mazuri jua lilipoyapiga, hata Bwana Miti alisogea. Mama Veronika aliyatia bakulini, akakunja mikono ya gauni, akaanza kufua. Rangi ilitoka kwanza kama moshi. Kisha maji yakawa kama ya kuoshea nyama. Kisha yakawa mekundu, mekundu ya pipa lile, na kwenye bati jeupe yalitisha zaidi. Akayainua manyoya. Yamepauka yote.

Hakuna aliyepiga yowe safari hii. Mwanaidi alifunika mdomo kwa mikono miwili. Bwana Miti alisema neno moja kwa lugha yake, akachukua unyoya uliolowa, akaufunga kwenye leso yake, akautia mfukoni. Alipoondoka mfuko wa kaptula ulikuwa mwekundu kama amechomwa kisu, na hakuna aliyemwambia.

Lakini kabla hajaondoka aliuliza, "Ndege nani weka kwa pipa?"

Salimu akajibu haraka kuliko ilivyokuwa desturi yake. "Ameanguka mwenyewe, Bwana. Alikuja kunywa."

"Akajifunika," akasema Mama Veronika, "kisha akaweka jiwe."

Bwana Miti hakuelewa. Sisi tulielewa. Tulitazama chini sote kwa pamoja, na nikaona bega la Mwanaidi linatikisika, sijui kwa kicheko au kwa kilio. Bwana Miti akasema mama akae, kazi iendelee, akaingia kwenye gari. Mzigo ukarudi ndani ya kibanda.

Sasa mjue kwamba nyapara Salimu ndiye aliyekuwa akitutishia kila siku habari ya ndege. "Ndege wa msitu huu ni wa Serikali. Nikimkuta mtu na mtego, nampeleka boma Korogwe akiwa amefungwa mikono." Aliwahi kuvunja mitego ya watu, akawapiga kwa fimbo. Hatukuwa na neno naye kwa hilo. Na mwezi ule mwanawe alikuwa jandoni.

Siku ya kuwatoa watoto jandoni tulialikwa sote. Palikuwa na pilau, palikuwa na ngoma, Salimu alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Katika ukoo wao baba humvika mwanawe kofia ya manyoya siku hiyo, na wenye uwezo hutafuta manyoya mekundu, ili kijana aonekane tangu mbali. Watoto wakatoka kwa mstari. Mtoto wa Salimu alikuwa wa mbele. Kofia yake ilikuwa imesukwa vizuri, kubwa, ya kifahari, na manyoya yake yote yalikuwa rangi ya kitambaa cha kudekia.

Nilimtazama Mwanaidi, naye alikuwa ananitazama. Mkono wake ulikuwa umesimama kati ya sinia na mdomo. Nikaona yote kana kwamba nilikuwepo: bawa lenye damu ya mtego na mafuta, mtu anatafuta maji makali ya kulisafishia, anakumbuka yako wapi, analiweka jioni ili alitoe alfajiri. Na alfajiri anafunua kifuniko. Lazima alishtuka kuliko sisi. Akayatoa manyoya yake, akarudisha jiwe, na akatuacha tuamini tulichoamini. Angemfukuza mwanamke kutoka kwenye kibanda kwa ajili ya kofia.

Mama Veronika alikuwa ameketi upande wa wanawake, anakula taratibu. Aliiona. Alimaliza sahani yake, akanawa, akaenda kwa mtoto, akampa mkono na kumwambia, "Hongera mwanangu, umekua." Kisha akampita baba yake bila kumtazama, akarudi kibandani kwake.

Njia nzima nilimsihi. "Tumwambie Bwana Miti. Aende boma yeye, akiwa amefungwa mikono."

"Na yule mtoto ambaye ametoka jandoni leo?"

"Baba yake alikujali wewe?"

"Mtoto hakusema kitu juu yangu." Akatembea kidogo. "Usijali, binti. Nitamdai kwa namna yangu."

Kesho yake asubuhi tulijipanga kugawiwa kazi. Salimu alikuja na kofia yake nyeupe na sauti yake. Mama Veronika alikuwa amesimama kando ya pipa jipya lililojazwa, ameondoa jiwe, ameondoa kifuniko.

"Nyapara," akasema. "Njoo uangalie. Maji yana rangi gani leo?"

Hakuna ndege aliyelia. Salimu alituangalia mmoja mmoja, na nadhani kila uso aliopitia ulimwambia jambo lile lile. Angeweza kumfukuza pale pale. Alikwenda. Aliinama juu ya pipa, mtu mrefu yule, akatazama ndani kwa muda.

"Maji safi, mama," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama bila kumwamuru kitu.

"Asante. Sasa tugawie kazi."

Akafanya hivyo kesho, na keshokutwa, na kila asubuhi tuliyofanya kazi naye. Mvua ikinyesha aliinama na mvua. Akiumwa na mgongo aliinama na mgongo. Hakutega mtego tena, wala hakutuambia tena habari ya ndege wa Serikali. Mwanaidi alimletea Mama Veronika kuku, akamwachia mlangoni, na neno manamba likapotea bustanini. Salimu alipohama, nyapara aliyemfuata alikuta ndivyo siku inavyoanza hapa, akadhani ni amri ya Bwana Miti, akainama na yeye. Bendera zikabadilika, Bwana Miti akaenda kwao. Mama Veronika alifia katika kibanda kile, katika kitanda chake mwenyewe, akiwa mzee, na tulimzika sisi, Waislamu na Wakristo, upande wa juu wa kijito. Pipa likaja kwangu, na swali lake nikarithi.

Kwa hiyo wewe msimamizi mpya, kijana wa watu, uliyesoma chuo cha misitu. Siku yangu ya mwisho kazini uliinama kama kawaida ukasema, "Maji safi, bibi," halafu ukaniuliza, "Hivi bibi, kwa nini tunafanya hivi?" Nikakwambia ndivyo kazi ilivyo. Ulicheka ukaenda zako.

Sasa umejua. Kesho ukiinama, usiharakishe. Tazama mpaka chini.